Akiba na Dumuzi: Kumbukumbu za Miaka ya Uhaba Tabora

Uhaba wa bidhaa ulioishika Tanzania tangu mwaka 1979 hadi katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa na sura yake. Katika dhiki ya kawaida vitu vipo dukani na fedha ndiyo hakuna. Wakati ule mfanyakazi alipokea mshahara, akauhesabu, akaufunga kwenye leso, akazunguka nao mji mzima akitafuta mche mmoja wa sabuni, na jioni akarudi nao nyumbani haujapungua hata senti. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 480 mwaka 1980, kikafika 810 mwaka 1984. Nyongeza hizo zilipokelewa kwa adabu tu, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kilichokosekana hakikuwa fedha.

Mambo yaliyoleta hali hiyo yaliongozana, moja likifika kabla ya jingine kuondoka. Bei ya mafuta ghafi ilipanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974, na ukame wa miaka hiyohiyo ukailazimisha nchi kununua nafaka nje. Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini vita vilikuwa vimekula fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo za kuchezea, na kabla ya mwaka kwisha mafuta yakapanda tena. Viwanda vya ndani vilikuwepo, na wafanyakazi wake wakiripoti kazini kila asubuhi. Kilichokosekana ni vipuri, malighafi na dizeli. Magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18.

Kumbukumbu zinazoelezwa hapa ni za nyumba moja ya Isevya, Tabora mjini. Baba alikuwa karani wa reli, mama alikuwa mkulima mwenyeji wa upande wa Sikonge, na watoto walikuwa sita. Mtoto wa tatu, aliyekuwa darasa la pili mwaka 1981, ndiye aliyehifadhi sehemu kubwa ya habari hizi, maana ndiye aliyetumwa zaidi.

Tabora ni njia panda ya reli. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilipofika hapo iligawanyika, mabehewa mengine yakaenda Kigoma na mengine Mwanza. Kwa hiyo mji haukukosa kila kitu. Chumvi ya Uvinza ilipatikana, na mawese na dagaa wa Kigoma vilishuka stesheni hata miezi ambayo mafuta ya kupikia ya kiwandani yalikuwa hadithi. Sukari ilipoadimika, chai ilinywewa kwa asali, kwa sababu misitu ya miombo inayouzunguka mji ina nyuki wengi. Watoto wa nyumba ile waliichukia chai ya asali kwa moyo wote, wakaiona alama ya ufukara. Leo asali hiyo wanainunua kwa bei ya dawa. Nguo zilifuliwa kwa sabuni nyeusi ya mawese, na ilipokosekana hiyo, kwa majani ya mpapai yaliyofikichwa majini. Betri za redio zilianikwa juani, juu ya bati, ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Baiskeli ya baba ilikuwa na tairi lililoshonwa kwa uzi wa nailoni sehemu tatu, naye aliipanda akiwa amekaa upande, kana kwamba kwa kufanya hivyo uzi ungepunguziwa mzigo.

Bidhaa za kiwandani zilipitia duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, na maduka ya ushirika, na mgao uliwafikia watu kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Lakini orodha ilikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa foleni, na foleni ilianza kwa uvumi: lori limeonekana, kuna kitu kinashushwa. Watu walijipanga kwanza, wakauliza baadaye ni kitu gani. Mtu angeweza kusimama tangu alfajiri akidhani ni unga, akafika dirishani na kukuta ni mabeseni, naye akanunua beseni, kwa sababu beseni lingebadilishwa kwa jirani kwa kitu kingine.

Aliyekuwa na kazi nyingine aliacha jiwe. Foleni za alfajiri zilikuwa safu ya mawe, vipande vya tofali, kandambili moja moja na vikapu vilivyotoboka, kila kimoja kikimwakilisha mtu wake. Jiwe la nyumba ya karani lilichorwa msalaba wa mkaa. Lilipelekwa usiku na mtoto wa tatu, naye alirudi kulala. Ila jiwe halitembei lenyewe. Foleni ikisogea, lazima awepo mtu wa kulisogeza, na mtu huyo hakuwa wa nyumba moja kila siku. "Jiwe lako nimelisogeza hadi penye mwembe, mama, lakini nami nina mkate kule," jirani mmoja aliwahi kumwambia mama wa nyumba hiyo, na maana ya maneno hayo ilieleweka bila kufafanuliwa: leo mimi, kesho wewe. Nyumba iliyokuwa na ugomvi na majirani ilikuta jiwe lake asubuhi likiwa palepale lilipowekwa, peke yake, wakati foleni imeshafika dirishani. Waliohama kutoka mikoa mingine na kujifungia ndani, hata wakiwa na vyeo, ndio waliopata shida kuliko wote katika mambo haya ya mawe.

Chakula cha nyumba ile hakikutegemea foleni, na hiyo ilikuwa kazi ya mama. Shamba lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Akiba iliwekwa kwa namna nne. Mahindi yalihifadhiwa na magunzi yake ndani ya kihenge cha fito kilichokandikwa udongo. Karanga zilikaa na maganda yake kwenye magunia. Viazi vitamu vilifanywa michembe na matobolwa: michembe ni viazi vinavyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba vingali vibichi na kuanikwa juu ya mwamba; matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakakatwa na kuanikwa. Michembe ikikauka sawasawa hulia kama vigae ikimiminwa kwenye mtungi, na hukaa hadi mvua nyingine. Namna ya nne ilikuwa mihogo, ambayo, isipokuwa michache ya makopa, haikuvunwa. Iliachwa ardhini.

Karani hakuiamini mihogo. Alikuwa amesoma, na kwake mihogo ilikuwa chakula cha amri, kilichohimizwa tangu enzi za mkoloni ili watu wasife njaa, na kikahimizwa tena baada ya uhuru kwa sheria ndogo za wilaya. Mtu wa mjini kula ugali wa muhogo ilikuwa kukiri kushindwa. Kihenge cha mahindi ndicho kilichompa usingizi. Jioni alikuwa akikipiga kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake begani.

Mavuno ya 1981 yalikuwa mazuri, na kihenge kilijaa hadi shingoni. Mwezi wa tisa mtoto wa tatu alitumwa kuchukua mahindi ya kusaga, akapenyeza mkono kwenye tundu la chini. Gunzi la kwanza alilolishika lilikuwa jepesi. Punje zilionekana nzima kwa mbali, lakini kila moja ilikuwa na tundu la duara, safi kama limetobolewa kwa sindano ya moto, na alipoibana kwa vidole ikavunjika na kuwa vumbi jeupe. Chini ya kihenge vumbi lilikuwa limerundikana kama unga uliomwagika. Ndani ya vumbi hilo walitembea wadudu weusi wadogo, wenye urefu wa milimita tatu au nne, wenye vichwa vilivyoinamia chini kana kwamba wameona aibu. Usiku ule, nyumba ilipotulia, watu wote sita waliokuwa wakilala chumba cha uani walisikia sauti ambayo bila shaka ilikuwepo kwa wiki kadhaa bila mtu kuizingatia: mlio mwembamba wa kutafuna, usiokatika.

Mdudu huyo ni dumuzi. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na inaaminika aliingia na shehena za mahindi kutoka nje. Mkoa wa Tabora ndio uliokuwa wa kwanza kumtambua katika Afrika ya Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengine walimwita Scania, jina la lori. Fukusi na wadudu wengine wa zamani walikuwa wakila sehemu ndogo ya ghala, mkulima akawahesabia kama anavyomhesabia mgeni. Dumuzi alikuwa jambo jingine. Vipimo vilivyofanywa Tabora wakati huo vilikuta mahindi ya magunzi yakipoteza karibu theluthi ya uzito wake katika miezi michache. Kuna kejeli ndani yake, hata kama ni chungu. Nchi iliagiza mahindi kwa sababu ya njaa, na wakati watu wa mijini wakila ugali wa mahindi ya njano kutoka Marekani, ambao kwa rangi yake ulipewa jina la Yanga, mahindi meupe ya ndani yalikuwa yakiliwa na mdudu wa ugenini.

Methali ya "akiba haiozi" ilikufa nyumbani mwa karani mwezi ule. Kibaya zaidi, dumuzi hakuishia kwenye mahindi. Alitoboa makopa ya mihogo mikavu yaliyokuwa darini, na hata fito za kihenge chenyewe. Kilichosalimika ni michembe iliyokuwa ndani ya mitungi iliyozibwa kwa udongo, karanga, na mihogo ambayo bado ilikuwa ardhini, hai, yenye majani. Muhogo unaweza kungoja shambani mwaka mmoja na nusu, pengine miwili, ukizidi kuwa na nyuzi lakini ukilika. Kuanzia Oktoba hadi mahindi mabichi ya Februari nyumba ile ilikula muhogo. Karani alikula bila kusema neno. Msimu uliofuata aliongeza ekari moja ya mihogo kwa mkono wake mwenyewe, na huo ndio ulikuwa uamuzi wake wa kwanza wa kilimo.

Watu wa Tabora walijifunza haraka kuliko inavyodhaniwa. Mahindi hayakuhifadhiwa tena na magunzi; yalipukuchuliwa, yakachanganywa na dawa ya unga, yakatiwa magunia. Pale ambapo dawa haikupatikana, na mara nyingi haikupatikana, watu walitumia majivu, au waliuza mapema na kuweka akiba ya kitu kingine. Nyumba zilizopona vizuri hazikuwa zile zenye kihenge kikubwa. Zilikuwa zile zilizokuwa na kidogo hapa na kidogo pale, ambazo pigo moja halikuweza kuzikuta zote mahali pamoja. Hata mihogo yenyewe haikubaki salama: mwishoni mwa miaka ya 1980 mdudu aitwaye kidung'ata aliishambulia.

Akiba ya fedha ilikuwa na dumuzi wake. Kibubu cha udongo kilichokaa chini ya kitanda cha karani kilijazwa kwa miaka minne, huku thamani ya kilichomo ikipungua kila mwezi. Wanawake wa mtaa waliliona hilo mapema. Upatu wao ulikuwa wa fedha hadi 1980 hivi. Baada ya hapo wakaugeuza kuwa wa vitu. Kila mmoja alitoa kilo ya sukari, au kipande cha sabuni, au fedha ya doti moja ya khanga pale khanga zilipoonekana, na anayepokea akawa na cha kutosha kwa arusi au msiba. Upatu huo haukuwa na daftari, na ulidumu kuliko vyama vingi vilivyokuwa na mihuri.

Machi 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianza msako wa wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilitungwa mwaka huohuo. Wananchi wengi waliushangilia, na walikuwa na sababu, kwa maana walanguzi walikuwa wakificha bidhaa na kuziuza mlango wa nyuma kwa mara tano ya bei. Lakini msako ulileta swali ambalo halikuwa na jibu la wazi: akiba ya nyumba inaishia wapi na ulanguzi unaanzia wapi? Mama wa Isevya alikuwa na miche saba ya sabuni, debe moja la mawese na kilo tisa za sukari ya upatu, ambayo kilo nane hazikuwa zake. Habari zilifika kwamba kuna watu wametupa mali zao porini na mitoni. Usiku mmoja sukari iligawanywa upya kwa wenyewe, wakiipitisha uani kwa bakuli. Miche mitano ya sabuni ilifukiwa shambani, karibu na mihogo, kwenye mfuko wa nailoni. Hakuna aliyekuja kupekua. Mvua zilipoanza, sabuni ilifukuliwa ikiwa imelainika na kuunganika kuwa bonge moja, nalo lilikatwa kwa kisu na kutumika hadi likaisha. Kosa la nyumba ile, kama lilikuwepo, lilikuwa kuogopa bila kuuliza. Balozi wao alikuwa mtu mwelewa. Baadaye alicheka kwamba naye alikuwa na miche kumi.

Matumaini ya miaka ile yanafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hayakuwa ya namna moja. Ile miezi 18 ya kufunga mikanda ilichukuliwa na watu wengi kama tarehe. Karani alikuwa mmojawapo. Aliihesabu kwenye kalenda ya ukutani, na ilipopita bila kitu kubadilika, akanyamaza kwa muda mrefu kwa namna iliyowatisha watoto. Alikuwa amevumilia kwa sababu ya siku fulani, na siku ile ilifika tupu. Wenzake kazini walipatwa na vivyo hivyo. Baadhi waliingia kwenye pombe, wengine wakawa watu wa kulaumu kila taarifa ya habari. Mama hakuwahi kuihesabu miezi ile. Alingoja mvua ya Novemba, kisha palizi, kisha mahindi mabichi, na kila kimojawapo kilipofika kilikuwa na kazi yake, hata mwaka ambao kilifika vibaya. Hakuwa na moyo mkunjufu kuliko mumewe. Kwa hakika alikuwa mtu wa kulalamika sana. Tofauti ni kwamba lalamiko lake lilikuwa na jembe mkononi. Baada ya ekari ile ya mihogo, karani naye aliacha kalenda. Mwaka 1982 alipanda miembe minne nyuma ya nyumba ya kupanga, jambo ambalo mwenye nyumba aliliona la ajabu, kwani mwembe wa mbegu hukawia miaka mingi kuzaa.

Mabadiliko yalipokuja hayakufanana na yaliyongojwa. Mpaka na Kenya ulifunguliwa Novemba 1983. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana zilikotoka, na mitumba ikaanza kuonekana sokoni. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi alishika urais, na katikati ya 1986 makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalitiwa saini. Dola ya Marekani, iliyokuwa chini ya shilingi 20 kwa bei ya serikali, ikawa 40 mwaka huo, na kufikia 1990 ilikuwa karibu 200. Rafu zilijaa. Sabuni zilikuwepo za rangi tatu. Sasa watu walisimama mbele ya rafu wakiwa na mshahara uleule, wakisoma bei.

Kibubu kilivunjwa mwaka 1987. Fedha iliyokuwemo, ambayo mwaka 1982 ingetosha mabati ya nyumba ndogo, ilinunua mabati manne na misumari. Karani aliyaezeka mabati hayo kwenye banda la kuku. Kuku ndio waliolipa ada ya sekondari ya watoto wawili wa mwisho, pamoja na maandazi ya mama, ambayo hatimaye yalipata sukari ya kutosha.

Mama huyo alikuwa angali hai mwaka 2022, bei ya petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita na mafuta ya kupikia yakapanda nayo. Wajukuu wanaoishi naye huweka fedha zao ndani ya simu. Mahindi hukaa kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi akifungiwa hufa, na wajukuu wamemweleza mara nyingi jinsi inavyofanya kazi. Anaelewa. Mihogo mistari sita bado iko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe mmoja uliobaki kati ya ile minne. Na jioni, kabla ya kufunga mlango wa stoo, huinama, akaweka sikio kwenye mfuko, akasikiliza.